Fremu Zilizotazama Kichuguu

Kabla ya miaka ya tisini, ukisema fremu Mpanda watu walifikiria mlango, au picha ya harusi ukutani. Niliporudi nyumbani, katikati ya miaka hiyo, kila mwenye ukuta uliotazama njia alikuwa anautoboa. Mwalimu mstaafu wa mtaa wetu alitoboa chumba cha watoto akampangisha kinyozi. Mjane mmoja alitoboa jiko lake, akawa anapikia uani ili fundi redio apate mahali pa kuweka meza. Waliopunguzwa kazi kwenye mashirika walirudi na treni wakiwa na masanduku na mafao yao, na wote walikuwa na wazo moja: fremu za maduka mbele, vyumba nyuma, mtu akae ale kodi. Wafugaji walioshuka na ng'ombe kutoka kaskazini, wakatulia Mwamkulu na kwingineko, walianza kuuza madume ili wanunue nyumba za mjini, watoto wasome. Wachimba dhahabu walipanga chumba kwa wiki, jambo ambalo mama zetu hawakuwahi kulisikia. Nyumba ya vyumba sita na korido katikati, iliyokuwa ya ukoo mmoja, sasa ilikaa watu sita wasiojuana, kila mmoja na kufuli lake.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao waliorudi, ila sikuwa kama wao. Nilikuwa na diploma. Nasema hivi bila haya, maana najua ilivyopatikana. Baba alitoka kwenye mgodi wa risasi na kikohozi na blanketi moja. Mimi niliuza karanga stesheni nikiwa darasa la tatu, nikabeba mizigo Tabora, nikasoma jioni Dar es Salaam huku mchana nikishika fimbo ya wapimaji, mpaka nikakaa na mimi darasani nikatoka na karatasi yenye mhuri. Hakuna mjomba aliyenipigia simu mahali. Shirika lilipotupunguza, wenzangu walilia. Mimi nilikunja ramani zangu nikapanda treni.

Kiwanja nilichopata kilikuwa kimepimwa. Siku zile hiyo ilikuwa sifa kubwa. Wengi mtaani kwetu walikuwa wamejenga kwa kuelewana na jirani, mpaka ukiwa ni mti wa mnyaa au jiwe. Mimi nilikuwa na barua ya toleo, nilikuwa na bikoni nne za zege zenye namba, na kwenye ramani ya mji kiwanja changu kilitazama barabara pana ya kupishana malori mawili. Barabara yenyewe ilikuwa haijafunguliwa. Palikuwa na majani, mbuzi, na katikati kabisa kichuguu kirefu kuliko mtu. Lakini kwenye ramani ilikuwepo, na mimi nilikuwa nimeishi kwa ramani miaka kumi na moja.

Mtaa wetu ulikuwa na desturi yake. Mtu akipata kiwanja, kabla ya kugonga kigingi, huchukua kigoda akakaa pale siku nzima ya treni, kuanzia abiria wanaposhuka asubuhi mpaka wa mwisho anapopita na godoro lake kichwani. Anasalimia, anasalimiwa. Jioni anaondoka anajua mlango wake utatazama wapi. Hakuna aliyeiita mila. Waliuliza tu: "Umeshakaa?"

Dada yangu ndiye aliyeniuliza mimi. Ni mkubwa wangu kwa miaka tisa, na wakati huo alikuwa na meza ya dagaa, chumvi na sabuni kwenye njia ya kutoka stesheni kwenda sokoni. Dagaa alikuwa akiletewa kutoka Kapalamsenga, wa kukaushwa juu ya mchanga safi, na watu walimjua kwa hilo.

"Umeshakaa kwenye kiwanja?" akaniuliza.

"Nimekipima."

"Sikuuliza hilo, mdogo wangu."

"Dada, kukaa ni kwa mtu asiye na vipimo."

Akacheka, akaendelea kupepeta dagaa. Hakunibishia. Alikuwa na imani na karatasi yangu kuliko nilivyostahili, labda kwa sababu miaka ya nyuma, nilipokuwa Tabora, ndiye aliyekuwa akinitumia unga wa mhogo kwa makondakta wa treni. Nimesema hakuna mjomba aliyenisaidia. Ni kweli. Dada si mjomba.

Tofali za nyumba ile ni zake. Alikuwa na shamba lenye udongo mzuri Mwamkulu, akafyatua na kuchoma tanuru mbili, moja yake na moja yangu, kisha akasema zote zije kwangu. Alichotaka ni fremu namba moja, ya pembeni, yenye milango miwili. "Nimechoka na jua," alisema. "Nimechoka kufunika dagaa kwa nailoni kila wingu likipita. Nataka siku moja nifunge mlango wa duka langu kwa ufunguo, niende nyumbani mikono mitupu." Nikamwambia hilo limekwisha. Nikamwonyesha kwenye mchoro, nikaandika namba moja kwa wino mwekundu.

Fundi wangu alikuwa mtu wa Katumba, mtoto wa familia zilizotoka Burundi, mwimba kwaya, asiyegusa mwiko Jumapili hata umfanyeje. Siku ya kuchora msingi alifika na kamba zake, akasimama katikati ya kiwanja.

"Njia iko wapi, bosi?"

"Njia ipi?"

"Ya watu."

Nikamkunjulia ramani juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Barabara hii hapa."

Akaitazama kwa heshima, mikono nyuma. Halafu akageuza shingo. Ilikuwa siku ya treni. Nyuma ya kiwanja changu, kwenye kinjia chembamba kilichokata viwanja vya watu, wanawake walikuwa wakipita na vikapu, wanaume na baiskeli zilizofungwa magunia, mtu na kuku wake, wote wakielekea sokoni.

"Na wale?"

"Wale wanapita kwenye viwanja vya watu. Barabara ikifunguliwa watahamia huku."

"Watahamia," akasema, si kwa kuuliza wala kukubali. "Kule kwetu makazini tulipimiwa barabara zimenyooka kama uzi, bosi. Ziko mpaka leo. Sisi tunapita kwenye mihogo ya jirani."

"Ndiyo maana mimi nilikwenda shule, fundi."

"Ndiyo, bosi." Akagonga kigingi.

Nyumba za majirani zote zilikitazama kile kinjia. Zilikuwa zimeipa mgongo barabara ya ramani, na vyoo vyao vilikuwa upande huo. Niliwaonea huruma. Nilimweleza fundi kwamba barabara itakapofika watu hawa watavunja vyoo, na nyumba yangu peke yake ndiyo itakayokuwa imesimama sawasawa, kama askari katikati ya wagonjwa. Alikuwa akichanganya udongo. Alisema tena, "Ndiyo, bosi."

Niseme ukweli mwingine: ilikuwa nyumba nzuri. Msingi wa mawe, wa kwanza mtaani kwetu. Lenta ya zege yenye nondo, siyo mbao. Fremu nne mbele, milango ya chuma ya bluu. Nyuma yake vyumba vyangu, na mwisho kabisa sebule yenye dirisha pana la vioo nilivyobeba kwenye treni kutoka Dar es Salaam, nimevikumbatia njia nzima kama mtoto mgonjwa. Dirisha lilitazama uani. Ukutani nikapiga msumari mmoja mkubwa, nikatundika diploma yangu. Choo kikakaa nyuma ya ua, kwenye kona ya kinjia, mahali ambapo nilihesabu hapana maana.

Dada alihamia fremu namba moja mwanzoni mwa kiangazi. Aliiacha meza yake. Kwenye kinjia kile cha kutoka stesheni mahali hapakai wazi. Siku tatu tu baadaye palikuwa na mwanamke mwingine na nyanya zake, na hakuwa na kosa. Dada aliliona hilo, akasema vizuri, mwenzake naye apate. Alipaka rafu zake chokaa, akapanga sabuni kwa rangi, akamwaga dagaa kwenye beseni jipya. Akakaa.

Mbele yake kulikuwa na kichuguu. Kulia choo cha jirani, kushoto choo cha jirani mwingine. Mbuzi walikuja kutazama. Wateja wa kwanza walikuwa ndugu. Wa pili walikuwa wale waliomjua, waliozunguka nyumba nzima kuja kumpongeza, wakanunua, na hawakurudi, kwa sababu mtu aliyebeba kapu kichwani juani hazunguki nyumba kwa ajili ya kopo la dagaa ilhali kuna dagaa njiani. Fremu namba mbili ilichukuliwa na fundi cherehani, akakaa mwezi na nusu. Namba tatu na nne hazikupata mtu. Waliokuja kuziona walisimama mlangoni, wakakitazama kichuguu, wakaniuliza kwa adabu kama barabara inakuja lini.

Nilikwenda kuuliza. Niliambiwa iko kwenye mpango, ila greda ni moja na wilaya ni kubwa. Hiyo ilikuwa kweli. Siku zile wilaya yetu ilikuwa nusu ya mkoa mwingine, na Katavi kwetu lilikuwa jina la mbuga tu. Nilirudi nikawaambia wote kwamba inakuja. Nilisema hivyo kiangazi kizima. Ukirudia neno kila siku kwa sauti ileile, mdomo nao unachoka.

Kilichokuwa kinabadilika pale mbele ni kichuguu peke yake. Watu walikuwa wakikichimba kwa ajili ya kukandika nyumba zao, maana udongo wake unashika. Kila wiki kilipungua upande mmoja. Dada alikuwa anakifuatilia kama mtu afuatiliavyo habari za redio.

"Leo wamechukua bega," aliniambia jioni moja nilipopita dukani.

"Umeuza nini?"

"Kiberiti kimoja. Na huyo alikuja kuomba moto, nikamshawishi."

Kisha nikaanza kumkosa dukani. Nilimkuta nyuma, karibu na choo changu, amekaa juu ya ndoo kwenye kinjia na beseni la dagaa mbele yake, kanga juu ya kichwa kwa ajili ya jua. Wanawake watatu walikuwa wamechuchumaa wakichagua. Nilingoja waondoke.

"Dada, hii ni aibu."

"Aibu ya nani?"

"Una fremu. Una rafu. Watu watasema nini wakikuona unauza chooni kwangu?"

"Wameshasema. Wanasema dagaa ni wazuri." Akakung'uta beseni. "We injinia, duka langu liko mbele, watu wako nyuma. Nimegawanyika mimi, utanilaumu?"

"Subiri barabara."

"Nyie mliosoma mna muda," akasema. Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililonikera. Alisema kama mtu anayetua mzigo chini. "Mimi nina dagaa. Dagaa hawangoji greda."

Nilimkataza. Naandika hili bila kulipamba. Nilimkataza dada yangu, aliyefyatua tofali za kuta zile kwa miguu yake, asiuze nyuma ya nyumba, nikasema inaharibu sura ya jengo. Akarudi mbele. Alikaa pale wiki tatu, na dagaa wakaanza kutoa vumbi la njano, akawauza kwa mwenye kuku. Rafu ya juu ilibaki na sabuni zilizopauka upande wa mlango. Siku moja nilipita nikamkuta amelala juu ya mkeka ndani ya duka, saa nne asubuhi, mtu ambaye sijawahi kumwona amelala mchana hata alipokuwa na homa. Nikaelewa kwamba anafunga duka. Meza alishaiacha, mahali pake pana mtu, na hapa hapana mteja. Kilichokuwa kimebaki ni kurudi shamba, na umri ule, na mgongo ule.

Wiki hiyohiyo alikuja mzee mmoja wa ng'ombe kutoka Mwamkulu. Alikuwa ameanza kulima mpunga kwenye mbuga za kule, na mpunga ulikuwa umemzidi nyumba. Alizunguka jengo langu mara mbili na fimbo yake, akapiga ukuta kwa kiganja, akainama kuangalia msingi.

"Nyumba hii imejengwa," akasema.

Nilikuwa sijasikia neno jema muda mrefu. Nikamweleza lenta, nondo, mawe. Alisikiliza yote.

"Nazitaka zote nne, bhabha. Ziwe stoo. Lori linaingia huku vizuri, hakuna watu, hakuna baiskeli za kugonga. Nitaweka magunia, nitafunga, nitaondoka."

"Zitakuwa maduka, mzee. Barabara inakuja."

"Ikija nitahama." Akageuka akamwona dada mlangoni, akamsalimia vizuri, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini ambayo dada aliisikia: "Huyu mama anawauzia nini mbuzi?"

Dada alicheka mpaka akashika mlango. Mimi sikucheka. Nilimwambia mzee arudi baada ya siku ya treni.

Sijui kwa nini nilisema siku ya treni. Nadhani nilikuwa nimechoka kubishana na watu ambao hawabishani. Asubuhi hiyo nilichukua kigoda cha jikoni, nikapita uani, nikakiweka kwenye kinjia, kando ya choo changu, nikakaa. Mwenye diploma, shati limepigwa pasi. Treni ilikuwa imechelewa, kwa hiyo nilikaa muda mrefu nikiwasalimia wachache tu. Kisha walianza kuja. Nilifanya kosa la mpimaji, nikaanza kuwahesabu, nikaacha. Walipita walimu, walipita wachimbaji na sululu, alipita mwanamke na mashine ya cherehani kichwani, walipita watu niliosoma nao shule ya msingi ambao sikujua kama wako hai. Kila mmoja alinisalimia. Na kila mmoja, alipofika kwenye kona ya choo changu, aliinua kitambaa au kiganja akafunika pua, akaharakisha. Mzee mmoja aliponiona nimekaa pale akasimama.

"Umeshajenga ndiyo unakaa?"

"Ndiyo, mzee."

"Haya. Si mbaya." Akafunika pua, akapita.

Mchana dada alikuja na ugali na dagaa, akaketi chini karibu nami. Tukala. Watu wakipita walimuuliza yeye, si mimi: mama, ulikwenda wapi, tunakutafuta. Akawaonyesha nyumba kwa kidole, akasema, niko hapo, upande wa pili. Wakaitazama nyumba yangu kwa nyuma, dirisha la vioo, ukuta uliopigwa lipu, wakasema ah, na wakaendelea.

"Sebule," nikamwambia.

"Sebule imefanya nini?"

"Ndiyo itakuwa duka lako."

Akatafuna. "Na wageni wako utawakaribisha wapi, wale wa suti?"

"Namba moja."

"Kwenye kichuguu?"

"Kwenye kichuguu."

Akanitazama kuona kama nina homa. Kisha akasema lile jambo ambalo nimelibeba mpaka leo kuliko sifa zote nilizopewa: "Usivunje dirisha. Lifungue tu chini liwe mlango. Vioo ulivileta kwa taabu."

Fundi wa Katumba alirudi Jumatatu. Hakuniuliza tena njia iko wapi, na nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa kazi yake. Tulifukia choo kile, tukachimba kingine upande wa barabara ya ramani, sawa na majirani zangu wagonjwa. Tukabomoa ua. Tukashusha dirisha likawa mlango, vioo vikabaki juu. Ukuta wa sebule nilitoboa mwenyewe, kwa nyundo kubwa, maana sikutaka mtu mwingine aonekane anafanya hivyo. Tofali zilikuwa ngumu. Dada alikuwa amezichoma vizuri.

Nilitoa diploma nikaihamisha namba moja. Msumari niliuacha, haukutoka. Wiki iliyofuata niliukuta umetundikwa mizani ya dada. Mzee wa ng'ombe alichukua fremu tatu zilizobaki, na kila baada ya mavuno malori yake yalizunguka kichuguu yakarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, nami nikiwa nimekaa sebuleni kwangu, nyuma ya milango ya chuma ya bluu, nikisoma gazeti la wiki iliyopita.

Dada aliuza pale miaka mingi. Jioni alikuwa anafunga mlango kwa ufunguo, anaujaribu mara mbili, anaondoka mikono mitupu. Nilikuwa nasikia kufuli likigonga chuma, hata nikiwa upande wa pili wa nyumba.

Barabara ilikuja, kwa muda wake. Kufikia hapo kichuguu kilikuwa kimeshakwisha, kimekandikwa kwenye kuta za mtaa mzima, greda halikupata kazi. Majirani wakahamisha vyoo. Siku hizi viwanja vile hugombaniwa, na vijana wenye digrii za mambo ya majengo hunipitia, wanazunguka nyumba, wanauliza nani zamani zile alikuwa na akili ya kujenga nyumba yenye nyuso mbili, maduka kwenye njia na maduka kwenye barabara. Nawaambia ni mimi. Nawaonyesha msingi, nawaonyesha lenta, nawaambia na diploma.

Dada yangu, akiwa amekaa karibu, hukohoa tu.